Aspirateri ya Lusangi na Hizi Zinazokuja

Mnaponiletea simu zenu na kuniuliza aspirateri za miaka ijayo zitakuwaje, huwa nafurahi, sikatai. Mimi Radjabu nimetengeneza hizi mashine za kuvuta vumbi hapa Kasongo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Sasa mikono inatetemeka, siwezi kushika bisibisi ndogo, kilichobaki ni mdomo na makisio. Lakini juzijuzi alikuja mpwa wangu Mwajuma kutoka Lusangi, naye alikuwa na simu kama nyinyi, ila swali lake lilikuwa zito kuliko yenu. Yeye na akina mama wenzake wanatwanga mawe ya dhahabu ndani ya nyumba moja kule, na wanataka kununua mashine mpya ya kuvuta vumbi la nyumba hiyo. Mama yake, dada yangu Zaina, alitwanga katika nyumba hiyo hiyo. Mashine ya kwanza niliiweka mimi. Na Zaina amekufa kwa ugonjwa wa kifua. Kwa hiyo nitakisia pamoja nanyi, vijana wangu, ila mtanivumilia nikirudi Lusangi kila mara.

Tuanze na simu ya Mwajuma, maana najua hiyo ndiyo mnayoitamani. Alinionyesha mashine moja ya duara, bapa kama sahani ya pilau, inazunguka chumbani yenyewe, inakwepa miguu ya viti, na ikichoka inarudi ukutani kujichaji bila kuambiwa.

"Mujomba, hii ya mwaka ujao iko na mukono," akaniambia. "Iko naokota soksi."

Nikamwambia nimeishi na watu wenye mikono miwili wasiookota soksi, acha tuone hiyo ya mkono mmoja. Akacheka, akafungua nyingine. Hiyo inamulika sakafu kwa taa ya kijani na kila punje ya vumbi inaonekana kama mchele uliomwagika. Nyingine inamwaga taka zake yenyewe ndani ya sanduku. Nyingine inaosha sakafu, kisha inafua kitambaa chake, kisha inajikausha. Nyingine inakuandikia kwenye simu imekula vumbi kiasi gani leo, mithili ya mtoto anayesifiwa kwa kumaliza chakula. Zote zinasifiwa kwa jambo moja: nguvu ya kuvuta. Ya mwaka huu inavuta kuliko ya mwaka jana, na ya mwakani itavuta kuliko ya mwaka huu.

Kabla hamjaniamini, mjue kwamba mimi ni mkisiaji mbaya. Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba aspirateri bila mfuko haiwezekani, ni kama mtu bila tumbo. Mwaka haukuisha, mgeni mmoja akaja nayo, ina kikombe cha plastiki na vumbi linazunguka humo mpaka linaanguka lenyewe. Nikasema ya betri haitavuta hata manyoya ya kuku. Ikaja, ikavuta. Nikasema zitazidi kuwa kubwa, kwa sababu kila kitu chenye nguvu nilichokijua kilikuwa kikubwa. Leo zipo ambazo zinaingia chini ya kitanda na unazitafuta kwa tochi. Nilikosea karibu kila kitu. Na jambo moja lililokuwa la maana kuliko yote sikulikisia kabisa, ingawa lilikuwa mikononi mwangu.

Nilianza kazi hii kwa ufagio. Kulikuwa na nyumba ya wageni ya shirika moja hapa mjini, mimi nikiwa mfagiaji, na siku moja mkuu wa nyumba akanikabidhi aspirateri. Hakunieleza chochote zaidi ya kuchomeka na kuzima. Nikaipenda. Ilikuwa inanguruma, na nyuma yake inatoka hewa ya moto. Nikajiambia, basi vumbi linaungua humo ndani, ndiyo maana hewa ni ya moto. Sikumuuliza mtu, kwa sababu mtu aliyepewa mashine hataki kuonekana mjinga. Nikafanya kazi mwezi na zaidi, na kila siku mashine inalia kwa sauti nyembamba zaidi, mpaka ikawa inalia tu bila kuvuta.

Nikaibeba mpaka kwa Papa Anselmi. Papa Anselmi alikuwa Mzimba kwa kabila, fundi wa mota. Ujanani alitengeneza mashine za mitumbwi kule Nyangwe, na alipohamia mjini akaweka meza mbele ya nyumba yake, na meza hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Alifungua kifuniko, akatoa mfuko uliovimba kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, akauweka mbele yangu.

"Radjabu, ulizani vumbi iko naenda wapi?"

"Nilizani inaungua, Papa."

Hakucheka. Alimwita mke wake kutoka jikoni, akaniambia, "Rudilia, mama asikie." Nikarudia, wakacheka wote wawili mpaka mama akakaa chini. Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, na kila nilipojifanya hodari aliniuliza kama vumbi bado linaungua.

Alinifundisha kuisikiliza mashine. Sauti ikipanda ikawa nyembamba, kuna kitu kimeziba. Sauti ikiwa nzito na ya kukwaruza, beringi zimekwisha. Harufu ya nywele zilizoungua ni makaa ya mota, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme, yameisha, yabadilishe kabla hayajakwaruza shaba. Alikuwa ananifunga macho kwa kitambaa na kuwasha mashine, nami nataja ugonjwa. Nikikosea, ananipa chai bila sukari. Tena aliniambia kila unapopima mashine weka kiganja mbele, inapovuta, na kiganja nyuma, inapotoa. Mimi cha mbele nilikiweka sikuzote. Cha nyuma nilikiweka alipokuwa akinitazama.

Mfuko usiumwage ovyo, hilo pia jifunzeni. Nilikuwa nikiumwaga juu ya gazeti na kupekua kwa kijiti. Nimepata hereni, vifungo, meno ya watoto. Siku moja msikitini, nikipitisha mashine kwenye mazulia kabla ya Ijumaa, mashine ilimeza tasbihi ya mzee mmoja wa safu ya mbele. Uzi ukakatika humo ndani, shanga zikatawanyika kwenye vumbi. Nilikaa barazani nikiziokota moja moja, mzee amenisimamia juu ya kichwa. Zikapatikana zote kasoro moja. Akazitazama, akasema hiyo moja ataisoma kwa kidole. Mpaka alipofariki, kila tulipokutana ananionyesha kile kidole.

Dada yangu Zaina aliiona mashine hapo msikitini. Alikuwa amekuja Kasongo kwenye harusi, akasimama kando ya mlango kutazama. Zaina alinizidi miaka saba. Mama yetu alipofariki nilikuwa bado nanyonya, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanilisha uji, akanipeleka shule. Nikisema dada, mjue nasema na mama ndani yake. Aliolewa Lusangi, mume akafa mapema, naye akaingia kwenye kutwanga mawe ili amlee Mwajuma.

"Radja," akaniambia, "kule kwetu hatuonane kwa vumbi, tunakuwa wawili mu nyumba moja na hatuonane. Hii mashine njo yenye tunatafuta."

Nyumba yao ilikuwa na kuta tatu za udongo na upande wa nne bashi, turubai la plastiki, linaloshushwa kazi ikianza. Ilifungwa hivyo kwa makusudi, upepo usiibe unga. Akina mama wanakaa safu mbili na vinu vya chuma, wanatwanga jiwe mpaka liwe unga mweupe, wanauchekecha, wanatwanga tena. Na kuna mila yao tangu zamani: unga ulio ndani ya kinu ni wa mwenye shimo yanakochimbwa mawe, lakini unga unaoruka na kuanguka chini ni wa akina mama wanaotwanga. Jioni wanafagia sakafu, wanaosha yale mavumbi kwenye beseni, na chochote cha dhahabu kinachobaki ni chao. Hakuna mwenye shimo anayethubutu kukigusa. Kwa hiyo vumbi kwao halikuwa uchafu. Usoni walikuwa wanafunga kitambaa kilicholoweshwa maji, wakakilowesha tena kila kilipokauka. Maji kwenye jiwe lenyewe hawakuyataka, kwa sababu unga ukilowa hautaki kupita kwenye chekecheo.

Nyumba ya wageni ilikuwa imeitupa aspirateri moja kubwa. Niliifufua, nikaibeba kwenye pikipiki mpaka Lusangi, safari ya siku nzima na mgongo uliokataa kunyooka siku mbili. Mwenye shimo alitoa jenereta yake. Niliweka mashine katikati ya nyumba, nikafunga mipira miwili ya kuvutia vumbi, mmoja kila safu, nikawasha. Kufikia adhuhuri nikaona ukuta wa mwisho. Akina mama nao wakauona. Zaina akafungua kitambaa usoni, akakiweka begani, akaimba, na wenzake wakafungua vyao. Wakaiita mashine Mbuzi, kwa sababu inakula kila kitu na haishibi. Sikuwaambia wavae tena vitambaa. Kwa nini niwaambie, na hewa ilikuwa safi, naiona kwa macho yangu? Nilijiona mtu mkubwa siku ile, vijana wangu, siwezi kuwaficha.

Kilichokuwa mfukoni mwa Mbuzi kilihesabiwa kuwa vumbi la chini, kwa hiyo kilikuwa chao. Jioni wanautoa mfuko, wanaukung'uta juu ya beseni ndani ya nyumba hiyo hiyo, bashi likiwa limeshushwa, punje isipotee. Kuukung'uta ilikuwa heshima. Walipewa wawili wanaoaminika kuliko wote, Zaina na mwenzake Mama Asha, wanapokezana, juma hili mmoja, juma lijalo mwingine.

Sasa sikieni kosa langu. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa kiwanda, mzito, wa nyuzi zilizosongamana. Baada ya majuma machache nikaletewa habari kwamba Mbuzi amelegea, anavuta kwa uvivu. Nikaenda. Mota nzima, makaa mazima, mpira haukuziba. Mfuko tu ulikuwa umeganda, umejaa unga laini mpaka ndani ya nyuzi, hewa inapita kwa shida. Nikafikiri: mfuko huu mbaya, unaizuia mashine. Nikaomba kitambaa chepesi cha pazia, nikashona mfuko mwingine kwa mkono wangu. Nilipowasha, Mbuzi alivuta kama siku ya kwanza, hata zaidi. Nikachinjiwa kuku.

Mfuko unaopumua kwa shida ni mfuko unaoshika. Ule wa kiwanda ulikuwa mzito kwa sababu ulikuwa unafanya kazi yake. Wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu ulikuwa unaachia. Kokoto ulibaki nazo, na unga laini kabisa, ule usioonekana, ulipita kwenye pazia, ukapita kwenye mota, ukatokea nyuma pamoja na ile hewa ya moto, ndani ya nyumba iliyofungwa, katikati ya wanawake waliofungua nyuso zao kwa ajili yangu.

Mnaweza kusema hukujua. Ningependa iwe hivyo. Lakini baada ya miezi kadhaa Mbuzi aliacha kuzunguka, nikamleta Kasongo, nikafungua mota juu ya meza ya Papa Anselmi. Ndani mlikuwa mweupe. Unga laini kama poda ya mtoto ulikuwa umeingia kila mahali, beringi zimekauka na kuliwa. Nilizitoa, nikazipangusa, nikazisikitikia. Kweli, nilisikitikia beringi. Papa Anselmi akachovya kidole kwenye ule unga, akausugua kati ya vidole, akaninyooshea.

"Hii imepita wapi?"

"Ku kitambaa, Papa."

"Na ile yenye haikubaki mu mota?"

"Imetoka huku nyuma, na upepo."

"Upepo iko naenda wapi? Ile nyumba iko na kuta ngapi?"

"Tatu, na bashi."

Akajipangusa kidole kwenye suruali. "Basi weye haukuondosha vumbi mu nyumba. Umeichagua ile laini, umeitupa mu pua ya dada yako. Rudisha mufuko wa kwanza. Na utafute tiyo, upitishe upepo inje ya ukuta, mu pipa ya maji. Na wavae vitambaa yao."

Nikasema ndiyo, Papa. Nilimaanisha. Lakini mfuko wa kwanza nilikuwa nimeukatakata viraka. Na hiyo tiyo, bomba la kutosha, sikulipata siku hiyo, wala siku iliyofuata, na Lusangi walikuwa wanatuma salamu Mbuzi arudi haraka. Nikaweka beringi mpya, nikamrudisha na pazia lake lile lile. Bomba nikaahidi kulileta kiangazi. Kiangazi kikaja, nikawa na kazi nyingine. Na vitambaa? Kuwaambia wavae vitambaa ilikuwa ni kukiri kwamba mashine yangu haifai. Walikuwa wananiita fundi mkuu. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine, na nimeitafuta.

Zaina alianza kukohoa taratibu. Kwanza akapumzika mara moja njiani kutoka mtoni, halafu mara tatu, halafu akaacha kwenda mtoni. Kituo cha afya kikadhani ni kifua kikuu, akanywa dawa miezi mingi, makohozi yakipimwa hayana kitu. Nikamleta Kasongo, akapigwa picha ya kifua. Daktari, kijana mpole, alinivuta pembeni akaniuliza kazi ya mgonjwa. Nikasema anatwanga mawe. Akasema basi mawe yameingia mapafuni, hayatoki, na hana dawa ya kuyatoa. Akaniuliza kama mahali pa kazi pana vumbi jingi. Nikajibu kwamba kuna mashine. Hayo ndiyo maneno niliyomjibu.

Miezi ya mwisho alikuwa kwangu. Alilala amekaa, amezungukwa na mito, kwa sababu akilala chini hewa haikumtosha. Wageni wakija kumsalimu, alikuwa anawaonyesha kwangu kwa kidevu na kusema kwa pumzi fupifupi, "Huyu mudogo wangu alitusaidia sana kule. Bila mashine yake tungekwisha zamani." Nami nimekaa pale, naitika. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila asubuhi. Nilimpikia uji, nikamnawisha, nikamsomea, nikafanya kila kitu isipokuwa hilo. Alikufa akiwa ananishukuru, na hiyo ndiyo adhabu yangu, kwa sababu siwezi kuirudisha ile shukrani.

Sasa turudi kwenye makisio, nimeahidi. Mimi nadhani zile zinazotembea zenyewe zitaendelea, na zitapanda ngazi, na mikono yao itaongezeka. Nadhani betri zitakuwa nyepesi na zitajichaji kwa jua, na hapo ndipo sisi wa huku, tusio na umeme wa uhakika, tutaanza kuzinunua kama tunavyonunua redio. Nadhani kutakuwa na ile isiyo na sauti, na mtaikumbuka sauti. Lakini tamaa yangu ni nyingine. Natamani mtu huko wanakozitengeneza atengeneze mashine yenye jicho mgongoni. Mashine inayopima hewa inayoitoa, punje kwa punje, na ikiona inatoa kibaya, inazima na inakataa kuwaka hata fundi akiipiga teke. Pengine ipo tayari kwenye simu zenu, mimi sijui. Nasikia machujio mazuri yapo, mazito, ya kushika hata kisichoonekana. Hata hivyo hakuna niliyoonyeshwa iliyotengenezwa kwa nyumba ya kutwangia mawe. Zote zinatengenezwa kwa ajili ya makombo ya mkate na nywele za paka.

Mwajuma aliponiwekea simu mkononi na kusema, "Chagua, mujomba, siye tutafuata yenye utasema," nilipitisha kidole juu ya zile picha muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuchagua moyoni, ile yenye nguvu kuliko zote. Nikamrudishia simu. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi: mfuko wa kiwanda, pazia, unga ndani ya mota, kidole cha Papa Anselmi, bomba ambalo sikulileta.

Hakupiga kelele. Aliivua sendo ya mguu mmoja akaivaa tena.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Na wale wengine wenye walikuwa naye?"

"Hawajui."

Halafu akasema, "Mimi sitawaambia. Utawaambia weye. Kesho tunapanda moto pamoja." Na kesho yake tukapanda pikipiki, yeye mbele yangu nyuma ya dereva, na njia nzima hakugeuka.

Nyumba ni ile ile, bashi tu limebadilishwa. Mbuzi mwenyewe alikufa zamani, wamemweka juu ya rafu, wamemfunika kwa kitambaa. Vinu vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Walikuwa kumi na kitu, wengi wao wa umri wa Mwajuma, wachache wa enzi za Zaina, na baadhi waliinuka kunisalimu kwa heshima ya fundi mkuu. Nikawaomba wakae. Nikasema nilichokuja kusema, nikiwa nimesimama, bila kukipamba. Nikasema pia nionavyo mimi: msinunue mashine yoyote sasa. Lowesheni jiwe. Inueni bashi. Fungeni nyuso zenu hata hewa ikionekana safi, na zaidi ikionekana safi.

Mmoja akasema unga uliolowa haupiti kwenye chekecheo, kazi ya siku itakuwa ya siku mbili. Nikamjibu ndiyo, itakuwa ya siku mbili. Mwingine, binti wa mama aliyekufa kwa kukohoa kama Zaina, alinitazama mpaka nikashindwa kumtazama, akachukua mchi wake akatoka nje. Sikumfuata. Alikuwa na haki hata ya kunirushia. Mwajuma ndiye aliyekwenda akafungua kamba za bashi, upande mmoja kisha mwingine, na upepo ukaingia ukaubeba ule unga, unga wa mila yao.

Walipotawanyika, Mama Asha alibaki. Huyu ndiye yule mwenzake Zaina wa kukung'uta mfuko. Amezeeka, lakini bado anatwanga. Alikaa kwenye kigoda akaniambia nikae karibu.

"Siye wawili tulikuwa tunapokezana," akasema. "Juma hii Zaina, juma ijayo mimi."

"Ndiyo, Mama Asha."

"Zaina amekwenda."

"Ndiyo."

"Donc, basi mimi, Radjabu, imenibakia muda gani?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza gari la kwenda Kasongo linaondoka lini. Nilikuwa na majibu ya kumpoza, nimeyatumia miaka mingi, yalikuja yenyewe mdomoni. Nikayameza. Nikamwambia sijui. Nikamwambia twende hospitali apigwe picha, nitakwenda naye, na kwamba hata picha haitatuambia yote. Akaitika kwa kichwa. Akatazama nje kidogo, pale bashi lilipokuwa.

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nikasema sijala tangu asubuhi. Akaondoka polepole, akarudi na bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaninawisha mikono kama mgeni wa heshima. Nilikula yote aliyoniwekea. Yeye alikaa mbele yangu akisubiri nimalize, na nilisikia kila pumzi aliyoivuta.